Hajja na Sauti ya Chini

Nilikuwa nafanya kazi za ndani Al Thumama, mtaa wa Doha, kwa mwanamke Mwarabu aliyezaliwa Israeli. Kwao Waarabu ni raia, lakini ni wachache. Wengi ni Wayahudi. Hayo nilijifunzia jikoni kwake, maana nilipotoka Zanzibar nilidhani kila Mwarabu ana nchi yake na kelele zake.

Mwishoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, mama yake alikuja kumtembelea, akipitia Amman. Tulimwita hajja. Ndani ya nyumba alicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini tukienda naye soko la mboga Umm Salal, sauti ilimkauka. Simu ikilia aliinama, akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, akanong'ona Kiarabu kama anayeiba. Na hapo ni Doha, ambako hata mashine ya benki inakusalimu kwa Kiarabu!

Mimi mdomo wangu hauna breki. "Hajja, unamficha nani? Huyu muuza nyanya ni Mbangladeshi, shida zako hana habari nazo."

Alitazama nyuma kwanza. "Mazoea, binti yangu. Zamani kwetu tulikuwa tunaongea ndani ya basi bila wasiwasi. Siku hizi ukipokea simu kwa Kiarabu watu wanageuka. Mmoja anakuuliza unapanga nini. Mwingine anahama kiti."

Akanisimulia habari za mwanawe, mfamasia. Alipiga simu kuulizia nyumba ya kupanga karibu na kazini, kwa Kiebrania safi, akaambiwa njoo uione. Alipotaja jina lake, nyumba ikawa imeshachukuliwa. Tangazo likabaki pale pale wiki nzima. Mambo hayo yalikuwa yanazidi, alisema, na sasa kwao imepitishwa sheria iliyokishusha Kiarabu hadhi.

Niliwaka. Mimi ni mtumishi, nimenyamaza mbele ya mabosi miaka mingi, na nilidhani kunyamaza ni kazi yetu sisi tuliokuja kutafuta. Huyu alikuwa ananyamaza kwao, alikozaliwa yeye na mama yake.

Binti yake alimsihi abaki. Chumba kikapakwa rangi, kibali kikaanza kushughulikiwa. Nami nilitaka abaki, nasema wazi, nilimpenda. Kila tulipokwenda sokoni sauti yake ilipanda kidogo. Siku moja akabishana bei ya bamia mpaka watu wa meza ya tatu wakacheka, na yeye akacheka nao. Nikajua tumempata.

Kesho yake nikamkuta anafunga sanduku.

"Hajja, na chumba?"

"Nikibaki huku, mwanangu atanong'ona peke yake," alisema, akaniomba nikae juu ya sanduku lipate kufungika. Nilikaa huku nalia.

Sikukuu ya Idd nilimpigia. Alikuwa ndani ya basi. Nilisikia mlango ukifunguka na watu wakizungumza Kiebrania. Akapokea kwa sauti ile ile ya bamia: "Ahlan, binti yangu! Idd njema!" Nyuma yake mazungumzo yakakatika, basi zima likanyamaza.

Nikajikuta nimesimama nyuma ya mlango wa stoo, mkono mdomoni.

"Hajja," nikanong'ona, "punguza sauti."

"Sikusikii, binti yangu," alisema. "Sema kwa nguvu."