Mbaruku, Vitabu na Gunia la Mbegu

Mbaruku Rehani aliingia kwenye mapenzi ya vitabu kwa njia ya karanga. Alikuwa bado kijana, akipima katani kwenye shamba moja la mkonge upande wa Mnyuzi, na kila Jumamosi alikwenda Korogwe mjini kutembea. Karibu na stesheni palikuwa na muuzaji aliyefungia karanga zake kwa kurasa za vitabu vikuukuu. Mbaruku akimaliza karanga alikunjua karatasi akasoma, na hadithi ilipokatikia patamu alirudi kuomba ukurasa unaofuata. Yule muuzaji alicheka wee, mwishowe akachoka.

"Chukua kitabu chote, bwana, uniondolee usumbufu," akamwambia. "Mimi nitafungia magazeti."

Hicho ndicho kilikuwa cha kwanza, nacho hakikuwa na mwanzo wala mwisho. Vingine vilifuata. Wengine wakirudi kwao mapumziko walinunua vitenge na sufuria, yeye aliulizia vitabu kwa wasafiri, kwa makarani, hata kwa wamisheni kule Lutindi, ambako alipanda mlima kwa miguu akashuka na kitabu cha ufugaji wa nyuki kifuani. Bei ya mkonge ilipoanguka na kazi ikaisha, alirudi kwao Handeni akiwa na sanduku la bati lililojaa. Akaoa, akalima, akazaa.

Vitabu hivyo alivitunza kuliko macho yake. Kila kimoja alikivika jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Aliweka majani makavu ya mwarobaini katikati ili mende wasisogee, na hakusoma kabla ya kunawa mikono. Ila kuazima, hapana. Mtu akija kuomba, Mbaruku alimwambia, "Ndugu yangu, hicho yuko nacho mtu mwingine," na kitabu kiko pale pale chini ya kitanda. Mkewe Swaumu aliusikia uongo huo akanyamaza. Aliona ni uongo mdogo, hauui mtu.

Ulipofika mwaka wa sabini na nne, watu waliokuwa wakiishi mmoja mmoja maporini walitakiwa kuhamia vijiji vya ujamaa. Akina Mbaruku walipangiwa kijiji kipya kando ya barabara iendayo Korogwe. Swaumu alitangulia kwa miguu na watoto na mbuzi. Kabla hajaondoka alimwonyesha mumewe gunia lililosimama jikoni, mahindi ya mbegu aliyoyachagua mwenyewe, gunzi kwa gunzi, akayakausha darini kwa moshi. Gunia lilikuwa na kiraka cha kanga nyekundu.

"Baba Mwanaidi, vingine vyote vikibaki vibaki. Hili lisibaki."

"Nimesikia, Mama Mwanaidi."

Lori lilikuja likiwa limeshajaa mizigo ya majirani. Utingo wake alikuwa Lukasi, kijana aliyezaliwa kwenye makambi ya mkonge, mtoto wa kuja kama walivyosema watu, asiye na ukoo pale. Alipakia kitanda, kinu na mlango, kisha akampandisha Bibi Hamisa, mama yake Mbaruku, akamkalisha juu ya magodoro. Akatazama nafasi iliyobaki.

"Mzee, hapa kinaingia kimoja. Gunia au sanduku?"

Mbaruku aliangalia mawingu, akaona yanashuka. Akawaza kwamba mahindi yanaweza kungoja siku mbili tatu chini ya upenu, lakini karatasi ikilowa imekwisha. "Sanduku," akasema. "Gunia nitalifuata." Bibi Hamisa aliyasikia yote hayo, akageuza uso.

Mvua ikanyesha, mto ukajaa, njia ikafungika, na Swaumu akiuliza gunia aliambiwa linakuja. Siku aliyofanikiwa kuvuka kurudi kwenye mahame yake, Mbaruku alikuta nyani wamekwishafika. Gunia lilikuwa limechanwa, magunzi matupu yametapakaa uani, na punje zilizobaki zimeota ukungu. Njiani akirudi alitafuta maneno ya kumwambia mkewe, na yaliyomjia hayakuwa ya kweli.

"Gunia lilianguka kutoka kwenye lori," alimwambia. "Yule Lukasi hakulifunga vizuri. Au labda aliliteremsha mahali, nani ajuaye."

Swaumu alilia siku ile. Kisha akaenda kwa kaka yake akapewa mbegu kiasi cha kibaba, wakapanda kipande kidogo, na jua la mwaka ule likamaliza hata hicho. Kijiji kizima kilikula unga wa njano wa msaada, ule watu waliouita yanga. Na katika foleni ya unga maneno hutembea. Neno la Mbaruku, "nani ajuaye," lilitoka mdomo mmoja likaingia sikio lingine, likakua likawa habari kamili: Lukasi aliuza mbegu za watu. Kila aliyepoteza kuku au jembe katika kuhama akamkumbuka Lukasi. Wakamwondoa kwenye lori. Akifika kisimani kuteka maji, wanawake walishika ndoo zao.

Mbaruku aliyaona yote. Siku moja walikutana njiani uso kwa uso. "Shikamoo mzee," Lukasi akasema. "Mzee, wewe unajua. Si ulisema mwenyewe gunia libaki?" Mbaruku akaitikia marahaba, akajifanya ana haraka. Alipofika nyumbani alifungua sanduku atulize moyo, lakini herufi zilikataa kukaa pamoja. Akasoma ukurasa mmoja mara nyingi asijue unasema nini. Mama yake alikuwa mlangoni akipepeta, na kila ungo ulipotua aliusikia kama vile anaitwa.

Wakati huo kisomo cha watu wazima kilikuwa kimepamba moto. Mwalimu Rosina alifundisha chini ya banda la nyasi, na Swaumu alikuwa wa kwanza kufika. Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja kwa watu wengi. Mwalimu alimwomba Mbaruku awaazime chochote, naye, mbele ya mkewe, akajibu, "Mwalimu, vyangu vililowa kwenye safari."

Swaumu alijua sanduku lilifika kavu. Kesho yake alikwenda na wenzake kwenye mahame kuchuma mchunga. Mchana alirudi bila mboga. Alikuwa ameshika kipande cha gunia chenye kiraka cha kanga nyekundu, akakitandaza juu ya sanduku, taratibu, kama anayetandika kitanda.

"Lukasi alikuja kuliangushia uani kwangu?"

Mbaruku alitamani ardhi immeze yeye na sanduku.

"Mama alijua?" Swaumu akauliza.

"Alijua," akajibu Bibi Hamisa kutoka uani. "Nilingoja mwanangu aseme. Nimengoja mpaka nimeona aibu mimi."

"Basi wewe utasema," Swaumu akamwambia mumewe, "au nitasema mimi."

Alisema siku ya kugawa unga, watu wote wakiwa kwenye foleni. Mwenyekiti, Mzee Yordani, alimpa nafasi akidhani ana tangazo. Mbaruku alizoea kusoma kwa sauti ya kujivuna, lakini siku ile sauti ilitoka nyembamba, na watu wa nyuma wakapiga kelele, "Hatusikii!" Ikabidi aseme tena. Kwamba Lukasi hakuiba. Kwamba gunia aliliacha yeye, akapakia vitabu. Mzee mmoja aliuliza, "Vitabu?" na mwingine akacheka, na kicheko kile kilimchoma kuliko tusi.

Jioni ile alibeba sanduku mpaka kwa Lukasi.

"Nivifanyie nini, mzee?" Lukasi akamwambia, bila hasira. "Mimi sijui kusoma. Vitanirudishia jina langu?" Akaendelea kuchonga mpini wake. Mbaruku akaliinua sanduku, akalipeleka kwenye banda la Mwalimu Rosina.

Lukasi alirudishwa kwenye lori, lakini haikupita miezi akahamia Korogwe, wala hakuaga. Wapo waliosema kazi ya huko ilikuwa nzuri zaidi. Mbaruku hakuamini.

Vitabu vilisomwa. Vilishikwa kwa vidole vya mafuta, majalada ya saruji yakachanika, na kimoja kilipoteza kurasa. Watu wakasema yuko aliyezivutia tumbaku. Mbaruku hakukemea. Akitaka kusoma alikwenda bandani akangoja zamu yake kama wengine.

Swaumu alileta nyumbani kile cha nyuki. Aliketi kwenye kigoda akakisoma kwa kukokota, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Aliponasa akakigeuza upande wa mumewe.

"Hapa wamesemaje?"

Mbaruku akamsomea lile neno, macho yake yakiwa kwenye kitabu, asithubutu kuyapandisha hadi usoni kwake.