Majivu ya Jikoni Kwetu

Sheria ile rafiki yangu nilimfundisha mimi mwenyewe. Mpira uliopigwa juu ukiudaka mguu wako ukiwa bado juu ya mstari, umedaka halali na mpigaji anatoka. Ukiwa umeshakanyaga nje, umedaka bure. Softiboli ililetwa shuleni kwetu Gisenyi na mwalimu aliyerudi kutoka Uganda. Chokaa hatukuwa nayo, kwa hiyo mstari wa pembeni, upande wa ziwa, tuliuchora kwa majivu ya jikoni. Aliyeuchora ndiye aliyekuwa jicho la mwalimu upande ule, na neno lake halikupingwa.

Siku ya kuchagua timu ya kwenda kucheza Kigali, zamu ilikuwa ya rafiki yangu. Majivu aliyachukua kwetu. Mama ndiye aliyemjazia ndoo. Dada yake alichezea wapinzani, lakini nani angemtilia shaka? Tulikuwa tunakula sahani moja.

Tulikuwa mbele. Akitoka mpigaji mmoja tu, safari ni yetu, na mpigaji huyo alikuwa dada yake. Akaupiga mpira juu, ukaja kwangu. Nikakimbia peku, nikahisi majivu laini chini ya kisigino, nikaudaka. Kasi ikanitupa nje, nikarudi uwanjani nimeuinua mpira, nacheka kama mwendawazimu.

"Mwalimu, mguu yake ilikuwa inje," rafiki yangu akasema.

Nikainua mguu. Wayo ulikuwa mweupe. Mwalimu akamgeukia.

"Hiyo majivu amekanyaga wakati anarudi," akajibu, akinitazama usoni bila kupepesa.

Utulivu wake ndio ulionichoma. Mwalimu akamwacha dada yake aendelee, na pigo lililofuata likatumaliza.

Jioni rafiki yangu alikuja kwetu kuomba moto kama kawaida yake. Mama alikuwa hajui lolote, akampa. Nikamfuata uani.

"Uliona," nikamwambia.

"Niliona muzuri. Ulikuwa ndani." Alikuwa ameshika kigae chenye makaa. "Dada yangu hana mutu wa kumupeleka Kigali. We uko na mama."

Mkono uliniwasha kumzaba kofi. La mama lilikuwa kweli, na ndilo lililonikasirisha zaidi. Angeniomba. Kabla ya mchezo, njiani, tukiwa tumebeba ile ndoo pamoja, angeniomba tu.

Mama akaita kutoka jikoni, nimwongezee mwenzangu makaa, moto usije ukamzimikia njiani. Nikamwongezea.