Joto la Tanuri

Wateja walimwita Mama Mizani kwa sababu hakukubali donge la unga liingie tanurini bila kupimwa. Mumewe, ambaye ndiye mwokaji, alikata madonge kwa jicho na kujisifu kwamba jicho lake halijawahi kumpunja mtu. Mama Mizani hakubishana naye. Alilichukua donge lililokwisha kukatwa, akaliweka kwenye mizani, akabandua kipande kidogo kama ukucha, akalirudisha mezani. Ndivyo walivyoishi tangu waoane, mmoja akikisia na mwenzake akisahihisha nyuma yake, na duka likaenda.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka. Kati ya chumba cha kulala na chumba cha tanuri palikuwa na ukuta mmoja, nao ulikuwa na vuguvugu mwaka mzima. Majira ya baridi ukuta ule ulikuwa kama blanketi la tatu. Lakini Mama Mizani alipoanza kutundikiwa dripu za saratani ya titi, ukuta uligeuka adui. Harufu ya hamira ilipenya kwenye nyufa, ikamkuta kitandani, na tumbo lote likamjia kooni. Mwanamke aliyezeeka ndani ya harufu ya mkate sasa alilala na kitambaa chenye maganda ya limau puani.

Mambo mengine aliyazoea kwa namna yake. Mdomo ulikuwa na ladha ya chuma, akaacha kula kwa kijiko cha bati na kutumia cha plastiki. Vidonda vilipoota ndani ya mashavu alisukutua kwa maji ya chumvi kila baada ya kula, hata kama alichokula ni vijiko viwili vya supu iliyopoa. Kucha zilififia rangi, kisha zikawa nyeusi. Ncha za vidole zilikufa ganzi, kiasi kwamba vifungo vya gauni alifungiwa. Nywele hakungoja zimalizike zenyewe. Alimwita wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ambaye alikuwa msusi, akazinyoa zote uani. Wifi mtu alikuwa na ulimi usiolala njaa. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja, akakitazama kichwa, akasema kumbe mdogo wake alioa kichwa kizuri namna hii na miaka yote kilikuwa kimefunikwa bure. Mama Mizani alicheka mpaka vidonda vikamuuma.

Jambo moja hakulizoea. Daktari alikuwa amemweleza kwamba dripu zilikusudiwa kuupunguza uvimbe ili upasuaji uwezekane. Mara moja, kabla ya dripu ya tatu, damu yake ilionekana haina nguvu na dripu ikaahirishwa. Katika siku zile za kungoja, kila alipooga aliugusa uvimbe na kila alipougusa aliona umekua. Hakumwambia mtu. Aliapa moyoni kwamba haitaahirishwa nyingine.

Muuguzi wa chumba cha dripu alikuwa amewakalisha mke na mume, wifi akiwa nao, na kuwasisitizia neno moja. Dawa hii, alisema, inaua saratani na inaua pia walinzi wa damu, kwa hiyo juma la pili baada ya dripu mwili ni kama nyumba isiyo na mlango. Joto likipanda, msisubiri kesho, msimpe dawa ya maumivu mkatulia. Mje, na mkifika mlangoni semeni kwanza kwamba anatundikiwa dripu za saratani na ana homa. Aliwapa na kipimajoto cha kioo.

Mwokaji alikiweka kipimajoto mahali ambapo kila kitu cha thamani kiliwekwa, kwenye rafu iliyo juu ya tanuri. Matokeo yake kila walipokichukua kilikuwa kimepanda hata kabla ya kumgusa mtu. Mwokaji hakujua kwamba kipimajoto hukung'utwa kwanza ili kishuke. Alikitazama mara mbili tatu, akakitia kwenye droo.

“Kwa kipimo hiki hata rafu inatakiwa kulazwa,” alisema.

Baada ya hapo alimpima mkewe kwa kiganja. Mkono wake ulijua tanuri likiwa tayari bila kuangalia saa, kwa nini usijue paji la uso?

Asubuhi ya mambo haya, katika juma la pili baada ya dripu ya nne, Mama Mizani aliamka akitetemeka. Meno yaligongana. Mumewe alikuwa kazini tangu alfajiri. Alivaa sweta, akajifunga kitambaa puani, akaingia chumba cha tanuri na kukaa juu ya gunia la unga, ubavu ukiwa karibu na mlango wa moto. Mwokaji alifurahi. Ilikuwa imepita miezi mkewe hajatia mguu mle. Aliona ni dalili ya kupona, akamtania kwamba bosi amerudi kukagua madonge. Kisha akaweka trei chini, akamgusa kwenye paji.

“Huna kitu,” alisema. “Ni joto la tanuri tu.”

Mama Mizani aliitikia upesi kuliko kawaida yake.

Wifi alifika adhuhuri na supu kwenye chupa. Alishangaa kumkuta pale. Alisalimia, akaulizia vidonda, na kwa kuwa msusi hawezi kuacha kilemba kimekaa upande, aliinama kukirekebisha. Mkono wake ulipopita kwenye kisogo ulisimama.

“Wifi, umekaa hapa tangu lini?”

“Tangu asubuhi. Kuna baridi leo.”

“Baridi, na mkate unaivia ubavuni kwako?”

Mwokaji alijibu bila kugeuka. Alisema dada asimtie mgonjwa hofu, mtu yeyote akikaa pale lazima awe moto, na yeye mwenyewe ameshamgusa.

“Kwa mkono gani? Huo unaoshika trei bila kitambaa?” Wifi alisema. “Mdogo wangu, mkono huo hata kaa la moto utaliambia limepoa.”

Walibishana kidogo. Mwokaji alisema kwa nini wasingoje jioni, akifunga duka ataangalia tena. Alikuwa na mikate tanurini na mingine inaumuka mezani. Kusema kweli hoja yake haikuwa ya kijinga. Wifi naye hakuwa na hakika. Alikuwa amegusa vichwa vingi maishani mwake, lakini si kichwa kilichokaa karibu na moto nusu ya siku. Ndipo akasema watamtoa uani, kwenye kivuli na upepo, wangoje.

“Joto la tanuri ni mgeni, litaaga,” alisema. “Kama ni homa, hapo ni kwao, haitaondoka.”

Mama Mizani alikataa kuinuka. Alisema ana baridi, alisema amechoka, alisema wamwache. Wifi alimshika kwapani akamwinua kama mtoto anayepelekwa kuoga. Alimketisha kwenye benchi chini ya kamba za kuanikia, akamvua sweta. Upepo ulikuwa mwembamba. Mwokaji alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, akitazama huku na akisikiliza tanuri kule.

Walingoja. Mama Mizani alijikunyata. Wifi alimshika mkono, mkono ukapoa. Alishika mguu, mguu ukawa baridi kabisa, baridi ya kutisha. Alipotia kiganja kwenye shingo, shingo ilikuwa inawaka kuliko mwanzo, kavu kama karatasi.

“Usimwambie,” Mama Mizani alisema kwa sauti ya chini.

Wifi alimtazama.

“Wakinilaza wataahirisha dripu. Mara ile walipoahirisha, kitu kile kilikua. Mimi ndiye ninayekigusa, wifi, si nyinyi.”

“Kwa hiyo ulikaa kwenye moto makusudi.”

“Nilikuwa na baridi kweli.”

“Na makusudi.”

Aliangalia kamba za nguo.

“Dripu itamngoja mtu aliye hai,” wifi alisema. “Marehemu hawamtundikii.”

Kisha alimwita mdogo wake. Hakumwambia yale aliyoyasema mkewe. Alimwonyesha ndoo ya maji iliyokaa kivulini, akamwamuru atie mikono yote miwili mpaka kwenye kiwiko na asiitoe mpaka amwambie. Mwokaji alicheka kwa dharau kidogo, lakini alimcheka dada mkubwa huku akimtii. Alichuchumaa, akatia mikono. Unga ulitoka ukaelea. Ndani, harufu ya mkate ilianza kubadilika, ile dalili ya kwanza kwamba umeiva na unataka kutolewa, na yeye aliinusa, wote waliona ameinusa. Wifi hakumruhusu. Dada alipomwambia “sasa”, mwokaji alifuta mikono kwenye shati na kuiweka kwenye shingo ya mkewe.

Aliiondoa mara moja, akairudisha. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta watu asiowajua ndani.

“Tangu lini?” aliuliza.

Alikimbilia ufunguo wa gari la kusambazia mikate. Mama Mizani alisema mikate inaungua. Alisema hivyo mara kadhaa, na bado alikuwa akisema walipomlaza kwenye kiti cha mbele, hali moshi umeshaanza kutoka mlangoni na jirani muuza viatu ameingia kuzima moto.

Njiani alianza kuwasemesha wateja wasiokuwepo. Alimwambia mmoja angoje kidogo, donge hili halijatimia. Mwokaji aliposikia hivyo alikanyaga mafuta, akapita mahali pa kusimama bila kusimama. Wifi, aliyekaa nyuma kati ya makreti matupu, alimpiga mgonjwa makofi madogo shavuni na kumuuliza maswali ya kipuuzi ili asilale. Mume wako anaitwa nani? Ni mzuri au mbaya? Mama Mizani alifungua macho, akasema ni wa wastani.

Mapokezi palikuwa na foleni ndefu na karani aliyechoka. Mwokaji alianza kueleza kuanzia asubuhi, kuhusu tanuri na gunia. Wifi alimsukuma pembeni, akasema sentensi ya muuguzi kama walivyofundishwa. Karani aliinua kichwa, akainuka kwenye kiti.

Huko ndani muuguzi wa zamu alisoma kipimajoto, hakusema kitu, akatoka haraka kumwita daktari. Ukimya ule uliwatisha kuliko namba yoyote. Shinikizo la damu lilikuwa limeshuka. Mishipa ilikuwa imekakamaa kwa dripu za nyuma. Walijaribu mkono mmoja, wakajaribu mwingine, sindano ikaingia mwisho mgongoni mwa kiganja. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, aliuliza homa imeanza lini ili ajue wamechelewa kiasi gani. Mwokaji alisema mchana.

“Asubuhi, kabla jua halijatoka,” Mama Mizani alisema, macho yamefumbwa. “Nilijua.”

Mumewe aligeuka akamtazama. Alitoka akasimama kwenye korido, na wifi akamwacha asimame.

Dawa ziliingia mchana ule wote na hakuna aliyewaambia kwamba atapona. Waliambiwa tu wangoje. Jua lilipoelekea kuzama jasho lilimtoka Mama Mizani, shuka likalowa, na muuguzi akasema shinikizo linapanda. Alisema bila kutabasamu, lakini wifi aliketi kwa mara ya kwanza tangu wafike.

Kesho yake daktari alirudi na majibu ya damu. Walinzi wa damu walikuwa karibu kwisha. Dripu ya juma lililofuata haikuwepo, itangoja mpaka damu irudi. Mama Mizani aligeukia ukuta.

“Uvimbe utakua,” alisema. “Mara ile ulikua.”

“Nani aliupima?”

“Niliugusa.”

Daktari aliuchukua mkono wake, akagusa ncha ya kidole kimoja kwa kofia ya kalamu, akamuuliza anasikia nini. Alisikia kama anaguswa mtu mwingine. Daktari hakumsuta. Alitoa rula nyembamba mfukoni, akavuta pazia, akapima, akalinganisha na vipimo vyote vya nyuma. Ulikuwa umepungua. Haukuwahi kukua, hata ile mara nyingine.

“Pima tena,” Mama Mizani alisema.

Alipima tena. Mwokaji, aliyekuwa nje ya pazia, alisikia yote na hakuthubutu kukohoa.

Walimlaza mpaka damu iliporudi. Mumewe alikuja kila alipofunga duka, akakaa mikono ikiwa katikati ya magoti. Siku moja alimuuliza mkewe kwa nini hakumwambia. Akajibiwa kwamba kama angemwambia, yeye asingeoka, angempeleka hospitali. Alifikiri, akasema ndiyo, angempeleka. Hawakulizungumza zaidi. Jambo hilo lilikuwa bado lina ncha.

Dripu iliendelea, ikiwa imechelewa. Juma la pili lilipofika, mchana mmoja akiwa uani anakunja nguo, Mama Mizani alihisi baridi nyembamba ikimpanda mgongoni. Jua lilikuwa kali na kanga aliyoshika ilikuwa na joto la kamba. Huenda ni uchovu. Huenda ni upepo. Alisimama kidogo akisikiliza meno yake kama yatagongana. Kisha aliiacha kanga kwenye kapu, akaenda mpaka mlango wa chumba cha tanuri, akajifunga kitambaa puani.

“Washa gari,” alimwambia mumewe.

Mwokaji alifungua mdomo aulize, akautazama uso wake, akaenda kutafuta ufunguo.