Jibu Lililotoka kwa Jina la Kathini

Kathini Nzuki ni mzaliwa wa kijiji cha Mata. Alisomea ushauri nasaha, na kwa miaka mingi amekuwa mshauri pekee katika kituo kidogo mjini Voi.

Mwaka jana mkurugenzi wake, Donald, alileta programu ya kompyuta inayoweza kuchati kama mtu. Kathini alidhani kazi ya programu hiyo ni kupanga miadi tu.

Kisha akaja Mwandawiro, mkulima wa Makwasinyi. Ndovu walikuwa wamemuua mkewe, Wakesho, alipotoka kuwafukuza kwenye mahindi. Tangu mazishi, kila alipokuja kwa Kathini, mzee huyu alikuwa akikaa tu kitini, bila neno. Siku hiyo aliingia uso umechangamka.

"Madam, yale maneno yako ya Jumapili yamenisaidia. Nimeanza kula."

"Maneno gani?"

Alimpa simu. Mzee alikuwa ameiandikia namba ya kituo kwamba ni yeye aliyemtuma Wakesho shambani, kwa sababu mwenyewe alikuwa amelewa. Jibu lilikuwa la upole; pengine Kathini mwenyewe asingeliandika vizuri zaidi. Chini ya jibu palikuwa na jina la Kathini.

Angeweza kunyamaza. Mtu amepata nafuu, amvuruge kwa nini? Lakini alikuwa amemwahidi kwamba watakayoongea yatabaki kati yao wawili.

"Mzee, si mimi niliyeandika haya. Ni kompyuta. Mimi nayaona sasa hivi."

Mwandawiro alimkazia macho. "Kwa hivyo niliungama kwa nani?"

Mzee akachukua kofia yake akatoka.

Kathini aliingia kwa Donald akataka kujua kwa nini mashine inajibu kwa jina lake. Donald si mtu mbaya. "Wewe ni mmoja, wanaokungoja ni wengi," alijitetea. "Je, mtu akijidhuru akisubiri?"

"Hilo najua. Basi waambie ni mashine, wachague wenyewe. Na jina langu litoe."

Walibishana sana, lakini jina likatolewa, na wateja wakapigiwa simu wakaelezwa. Wengine waliwaka. Wengine walisema iendelee tu, walau haichoki kuwasikiliza. Kathini hakuwalaumu.

Kwa Mwandawiro alienda mwenyewe. Alimkuta akipalilia ndengu.

"Nimekuja kuomba msamaha, mzee."

"Yale maneno yalikuwa mazuri," alisema bila kuinua kichwa. "Lakini ile kompyuta ilinisamehe haraka sana. Mimi nilitaka mtu asikie kwanza."

"Nataka kusikia. Ukitaka kuniambia."

Mzee aliweka jembe chini. Alianza na ile pombe, nani aliileta, walikunywa wapi. Alipofika pale Wakesho alipochukua tochi, sauti ilikatika. Kathini alingoja, na mzee akaendelea mpaka mwisho.

Siku hizi huja Voi kila anapoweza. Bado usingizi humsumbua. Amewaambia wakwe zake ukweli. Mama mkwe alilia naye, lakini shemeji yake Titus mpaka leo hamsalimii.