Uji Ndani ya Hita

Harufu ilikuwa ile ile: maji ya rejeta yaliyochemka, matamu kama sukari iliyoungua. Fundi alikuwa ameinama chini ya dashibodi ya gari langu, na mimi kimawazo nilikuwa nimerudi Mbulu, utotoni, ndani ya pikapu ya baba.

Hita yake, inayopata joto kwa maji ya rejeta, ilikuwa ikivujia miguuni petu. Baba, mkulima wa vitunguu saumu asiyekubali kushindwa, akamimina unga wa mahindi kwenye rejeta uzibe tundu. Tundu likaziba kweli, na joto nalo likakata.

Siku hiyo mama alikuwa anatoka hospitali na mdogo wangu, aliyezaliwa njiti. Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Muuguzi alikuwa ameonya: mtoto asipigwe baridi hata kidogo.

Fundi wa pale sokoni alichomoa hita, akaigonga kwenye jiwe. Likadondoka bonge jeupe.

"Shikamoo mzee," alisema, "lakini humu umepika uji."

Baba alicheka mpaka akashika boneti. Wakafunga hita iliyotolewa kwenye gari bovu.

Tulimchukua mama, tukarudi nyumbani Nambis vioo vimepandishwa, hewa ya moto ikinipiga magotini. Mapajani mwa mama, ngumi ya mdogo wangu ilifunguka kidole kimoja kimoja.

"Babati hapa joto linatosha, dada," fundi wangu aliniambia, akitoka chini ya dashibodi. "Tuiondoe tu hii hita."

"Hapana kaka, weka nyingine. Mdogo wangu kajifungua, Ijumaa nawapeleka yeye na mtoto Nambis."