Chuma Yenye Kulia Kama Bibi Arusi

Kinywa ya bwana yangu njo ilituletea ile maneno. Alikuwa fundi ya velo, zile baiskeli, hapa Uvira, akachomelea mapipa mbili, eti iko chombo ya kutembea chini ya ziwa. Muntu anaikala ndani, anakanyaga pedali, chuma moja inapita mu kitundu ya nyuma, inazungusha panga ya kusukuma maji. Akakunywa pombe ya kasiksi, akajisifu.

Ilikuwa wakati ya uasi. Mukubwa ya baasi akasikia, akakuja na sauti ya ngoma: "Fundi! Jumapili, siku ya Mungu, weye unaingia. Ukirudi muzima, naingia minye mwenyewe!"

Bwana yangu sauti ikakuwa ya kifaranga: "Ndiyo, mu-mukubwa."

Shida ilikuwa kile kitundu. Chuma izunguke, lakini maji isiingie. Akajaza matambala: maji ikaingia. Akajaza mupira: ikakatika. Nikamuambia, "Leta pamba, nikusukie." Si minye nasuka vichwa ya bamama yote ya mutaa? Nikasuka kamba ya pamba, nikaipaka mafuta ya ng'ombe ya Rurambo kule ku milima, ile yenye kuganda. Akaizungushia chuma, akakaza bulon, ile skrubu ya kuibana, kama muntu anafungia mwizi.

Tukajaribu pa kando ya ziwa. Yeye ndani, minye nashika kamba ya kumuvuta. Kidogo tu, anavuta, anavuta! Kumutoa, moshi! Chuma imeshika moto, imekwama.

"Lakini hata tone moja haikuingia!" anakohoa, anajisifu tena.

Nikacheka. "Weye ulinioa namna gani? Bibi arusi akitoka kwao macho mukavu, bantu banasema nini?"

"Eti hana haya."

"Na akilia sana?"

"Eti ni mukosi."

"Basi legeza bulon. Ilie kidogo."

Akalegeza. Tone... tone... Chuma ikazunguka baridi, laini. Siku ya Mungu akazama mbele ya baasi yote, akatoka anacheka, kopo yake ya kukinga matone imejaa nusu tu.

Mukubwa akavua buti. Zamu yake. Akikufa ndani, banamupiga bwana yangu risasi. Akiipenda ile chombo, anamubeba ku vita.

Sasa, bale baasi balinyunyiziwa maji ya dawa, eti risasi inageuka maji. Lakini miiko! Mwanamuke asikuguse, maji ingine isikudondokee, dawa itaharibika. Nikapiga magoti, na sauti ya asali: "Karibu, mukubwa. Ila ile kamba ndani nilisuka na hii mikono yangu. Na inalia kidogo, matone inaangukia mugongo."

Akatazama mikono yangu. Akatazama kopo. Akavaa buti polepole.

"Fundi," ngoma imepasuka sasa, "chombo yako iko na kasoro."

Na ule bwana yangu, kinywa yake ile ile, anafungua: "Apana, mukubwa, haiko kasoro, inapaswa ilie ki..."

Nikamukanyaga muguu.