Mpika uji wa Gungu aliyemngoja mama wa Kaneza

“Ejo, ejo! Hiyo ejo yako, Mama Regina, leo ni wiki ya pili. Mtoto anakufa tunamtazama.”

“Hafi. Asubuhi kanywa nusu kikombe.”

“Na amekitapika chote.”

Ni saa mbili asubuhi, uani mwa kituo cha lishe cha Gungu, mjini Kigoma. Anayefoka ni Jovita, muuguzi aliyehamishiwa huku kutoka Songea. Anayejibu bila kugeuka, mwiko wake ukizunguka ndani ya sufuria, ni Melania, mpika uji. Nyuma yao gari la shirika la misaada linanguruma. Dereva wake, Bonaventura, ametoa kichwa dirishani.

“Mama zangu, malizeni. Mvua ikinikuta njiani tutalala wote kwenye tope, pamoja na mgonjwa wenu.”

Mgonjwa ni Kaneza, msichana wa miaka kama minne. Amekaa kwenye mkeka, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi. Uji peke yake haumtoshi tena. Anatakiwa kulazwa katika hospitali ya misheni, mwendo wa nusu siku kwa gari.

Melania hataki aondoke. Sababu yake ni neno moja.

Kaneza alikuja na boti ya wakimbizi wa Burundi, mojawapo ya nyingi zilizofika Ujiji tangu vita ianze. Safina, muuza dagaa, alimkuta ufukweni akiwa peke yake, huku kila aliyeshuka akitafuta wa kwake. Akambeba mgongoni mpaka Gungu. Tangu siku hiyo, akiulizwa mama yuko wapi, mtoto hujibu neno hilo tu: ejo.

“Kesho,” Melania aliwatafsiria wenzake. Yeye ni Muha wa Ilagala, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. “Mama yake anakuja kesho.”

Kila asubuhi akawa anatenga kikombe cha uji cha mama huyo, anakifunika kwa kisahani. Jioni anamnywesha mtoto mwingine.

“Akienda huko bila mtu wake, akitoka hospitali wanampeleka kambini, kwenye nyumba ya watoto wasio na wazazi,” anasema sasa. “Mama akija hapa tumwambie nini? Mtoto ana haki ya kuwa na mama yake, Sista.”

“Ana haki ya kutibiwa. Haki ya kungoja mpaka afe sijaisoma popote.”

Melania ana miaka arobaini na mmoja. Alianza kazi hii akina mama wa Gungu, Wakristo kwa Waislamu, walipochangishana sufuria na kuni baada ya kuona watoto wakilala njaa kwenye vibaraza vya soko la Mwanga, hapahapa mjini. Shirika lilikuja baadaye na unga. Posho yake ni shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi, na haifiki tarehe ishirini.

Anapikia watoto wapatao sitini, wa wakimbizi na wa mtaani. Uji wake una soya, karanga na dagaa wa kusagwa. Mwishoni huongeza mawese, mpaka sufuria nzima igeuke rangi ya machungwa. Bombani majirani humchokoza: unanenepesha watoto wa watu, wako wanakula upepo?

“Nawaambia wangu wanakula ukoko, lete na wako,” anasema. “Sijawahi kumuuliza mtoto uraia kabla ya kumpa kikombe.”

Regina, mwanawe aliyempa jina analoitwa, hayupo. Alikuwa na miaka mitatu. Melania alimwacha kwa bibi yake Ilagala akiwa na homa kidogo, akaja Mwanga sokoni kuuza mawese, akamuahidi kurudi kesho yake. Mto Malagarasi ukafurika, kivuko kikasimama. Alipofika, siku moja baada ya ahadi, alionyeshwa kaburi.

“Bibi yake alisema alikuwa anatazama mlango tu,” anasema Melania, akikoroga. “Mama akichelewa, si kwamba hamtaki mwanawe. Mimi najua.”

Jovita hangoji tena. Anamnyanyua Kaneza. Hapo Melania anauacha mwiko, anapiga magoti mbele yao, na kwa mara ya kwanza anauliza swali zima:

“Kaneza, mama azoza ejo?” Mama atakuja kesho?

Mtoto anatikisa kichwa. “Oya,” anasema. Hapana. Kisha, kwa sauti ya chini: “Mama yaguye mu mazi. Ejo.”

Mama alianguka majini. Jana.

Kwa Waha na Warundi, ejo ni kesho, na ejo hiyohiyo ni jana. Kitenzi ndicho kinachotenganisha. Mtoto aliyekosa nguvu ya kusema sentensi alibaki na neno tupu, na kwa umri wake kila kilichopita ni jana.

Bonaventura anazima injini. Jovita anakaa kwenye benchi, mtoto mapajani.

“Neno hili nimelinyonya kwa mama yangu,” anasema Melania, bado amepiga magoti. “Nilijua lina pande mbili. Nikashika upande niliotaka.”

Anainuka. Anakifunua kile kikombe kilichotengwa, anampa mtoto aliye karibu. Anavua aproni. Mwiko anamkabidhi Safina, ambaye ameingia na beseni la dagaa na hajui lililotokea.

“Koroga, usiache ukashika chini. Mama wa Kaneza amekufa maji. Naenda naye.”

“Shoga, na wanao?”

“Wana baba. Leo naye ajue jiko liko wapi.”

“Mama Regina, hospitali si ya siku mbili,” anasema Jovita, taratibu sasa. “Na watakuuliza wewe ni nani wake.”

“Waandike mlezi. Akipona namleta kwangu, naenda ustawi wa jamii, tutafute ndugu zake kambi kwa kambi. Wakipatikana, ni wao. Wasipopatikana, mkeka ninao.”

Anapanda kiti cha mbele. Jovita anampakatisha mtoto, na Melania anamfunika kwa khanga. Gari linawaka.

“Utarudi lini?” anauliza Safina, mwiko mkononi.

“Akipona,” anajibu Melania. Hataji siku.